Likizo ya kaskazi na watoto wadogo: maji, ukuti na kokwa la embe

SWALI: Naishi Tanga, nina watoto wawili. Wa kike ana miaka mitano na nusu, wa kiume mitatu na miezi miwili. Shule zimefungwa na joto ni kali. Tunakaa nyumba ya kupanga, ua tunachangia na wapangaji wengine watatu. Mimi nashinda kazini hadi saa tisa alasiri, watoto wanabaki na dada wa kazi na bibi yao mzaa baba. Kutwa ni televisheni. Nilitafuta mtandaoni kazi za mikono za kiangazi kwa watoto wadogo, nikapata picha nzuri sana, ila zinataka vijiti vya aiskrimu, karatasi za rangi, unga wa kumetameta na gundi ya kuyeyusha kwa umeme. Nikanunua baadhi kwa elfu ishirini na tano. Vikaisha siku mbili, na kazi yenyewe niliifanya mimi. Zimebaki wiki tano. Nifanye nini? – Mama wa wawili, Tanga

JIBU:

Mama Wawili (niruhusu nikuite hivyo), pole na majukumu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na maneno yaliyonishika ni hayo ya karibu na mwisho: kazi yenyewe niliifanya mimi. Ningependa tuanzie hapo kabla ya kuja kwenye vifaa, maana ukinunua vifaa vya laki moja na hilo halijabadilika, utarudi palepale.

Nilipoanza kufundisha chekechea, nilikuwa na desturi ya kubaki darasani baada ya watoto kuondoka siku ya kuamkia maonyesho ya wazazi. Nilinyoosha walivyokunja vibaya, nikakata upya palipokatwa kombo, nikapaka rangi palipobaki peupe. Mwaka mmoja tulitengeneza ngalawa kwa makumbi ya nazi. Kulikuwa na mtoto wa miaka minne ambaye tanga lake alikuwa amelichomeka kwenye kisogo cha chombo, limelala kabisa. Nikalisimamisha katikati kama inavyotakiwa. Asubuhi mama yake akamuuliza, "Yako ipi?" Mtoto akapita mbele ya meza nzima, akarudi, akapita tena, akasema, "Yangu haipo." Ilikuwa mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo sijagusa kazi ya mtoto mwingine.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: chagua kazi ambayo mikono ya mtoto wako, kwa umri alio nao leo, inaweza kuianza na kuimaliza. Ikihitaji gundi ya umeme, si ya kwake, ni ya kwako. Wa miaka mitatu anaweza kumimina, kusugua, kuchana karatasi kwa vidole, kuchomeka kijiti kwenye kitu laini, kupaka, kuokota na kupanga. Wa miaka mitano na nusu anaongeza kukata kwa mkasi usio na ncha, kukunja, kufunga fundo, kupishanisha ukuti, kukumbuka hatua mbili tatu kwa mpangilio. Zaidi ya hapo unamfanyia wewe, naye anageuka mtazamaji. Kutazama tayari anatazama kutwa.

La pili, zile picha ulizoziona zimetengenezwa kwa watoto wa kwingine. Ulaya na Amerika ya Kaskazini kiangazi ni Juni hadi Agosti, na ndipo shule zao zinapofungwa kwa likizo ndefu. Kwetu pwani miezi hiyo ni kipupwe, wakati ambao hata Tanga mtoto anaogeshwa maji ya uvuguvugu asubuhi. Joto letu linakuja na kaskazi, kuanzia Desemba mpaka masika yanapokaribia mwezi Machi. Hizi ndizo siku za maembe, za upepo mkavu kutoka baharini upande wa kaskazini mashariki, za kulala dirisha wazi. Mtoto akibandika jua la karatasi ya manjano ukutani huku jua lenyewe linamchoma utosi mlangoni, amejifunza kubandika tu. Mimi nataka ajifunze kaskazi: afahamu kwa ngozi na vidole vyake kwamba msimu huu una upepo wake, matunda yake na kivuli chake. Na uzuri ni kwamba vifaa vya msimu huu vinaokotwa.

Hili si wazo langu peke yangu. Madrasa za awali zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, chini ya mwalimu Bi Swafiya Said, na baadaye zikaenea Zanzibar na Uganda, zilijenga madarasa mazima kwa vifuu, makombe ya baharini, visoda, mbegu na vitambaa. Walimu wetu wana neno lake zuri, kufaragua zana, yaani kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa ulichonacho. Wewe pia utafaragua.

Sasa siku yenyewe ipangwe kwa jua. Tangu asubuhi hadi saa nne watoto wawe uani, wakimbie, wachezee maji na mchanga. Saa nne mpaka saa kumi jioni wawe kivulini au ndani, hapo ndipo pa kazi za kukaa, chakula, na usingizi wa mchana kwa huyo mdogo. Saa kumi warudi nje. Wewe ukirudi saa tisa umepata muda wa kuoga na kula kabla ya zamu yako. Kazi ya kukaa iwe moja tu kwa siku, na irudiwe siku tatu nne mfululizo kabla ya kuleta nyingine. Najua unahofia watachoka. Mtu mzima ndiye anayechoka na marudio. Mtoto wa miaka mitatu akimimina maji mara arobaini kutoka kikombe hiki kwenda kile, anatafuta kitu, na mara ya arobaini na moja anamimina bila kumwaga.

Na tuanze na maji, maana ni rahisi na sitakuchosha nayo. Beseni pana la plastiki lenye maji ya kimo cha vidole vinne, vikombe viwili visivyolingana, kata ya kifuu, kopo lililotobolewa chini, kitambaa. Basi. Siku nyingine wape nguo za mwanasesere na kipande cha sabuni, wafue, wakamue, waanike kwa vibanio. Kukamua kitambaa na kubana kibanio kunatia vidole nguvu ileile atakayoihitaji kushika penseli akifika darasa la kwanza. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano, alipofungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, katika mtaa wa watu maskini wa San Lorenzo, kazi walizozifanya wale wadogo kila siku zilikuwa hizihizi: kunawa, kusafisha meza, kumimina, kufagia. Kama bili ya maji inakutisha, tumia maji ya kusuuzia nguo, kisha yamwagie mchicha.

Siku nyingine wape kopo la maji na brashi kuukuu ya rangi, wachore ukutani. Ukuta wa saruji ukilowa unakuwa mweusi, mchoro unaonekana vizuri kabisa, kisha jua la kaskazi linaufuta taratibu. Binti yako atagundua mwenyewe kwamba ukuta ulio juani unafuta upesi kuliko ule ulio kivulini. Usimwambie. Mwache aje akuambie yeye.

Lakini hapa kwenye maji nasimama kidogo na uso mkavu. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, na anazama kimya, hapigi kelele kama tunavyodhani. Dada akiitwa nje hata kwa dakika moja, beseni linamwagwa au mtoto anabebwa. Hakuna njia ya tatu. Ndoo na mapipa ya akiba yafunikwe kwa mfuniko mzito. Na mchezo ukiisha, kila kopo na kila kifuu vipinduliwe vikauke: mbu wa dengue hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama, hata yakiwa kidogo ndani ya kifuu, na huuma mchana watoto wakiwa wanacheza. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019. Kupindua vifuu ni kazi ya mtoto pia, mfundishe iwe sehemu ya mchezo wenyewe.

Sasa nije kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote za msimu huu, nayo ni kokwa la embe.

Nunua yale maembe madogo ya kienyeji yenye nyuzi nyingi, yanayokuachia kazi ya kuchokonoa meno. Embe kubwa laini halifai hapa. Wale kwanza, tena wayale uani wakiwa wamevaa chupi tu, maji yatiririke mpaka viwiko, wafyonze kokwa mpaka libaki jeupe. (Ule utomvu wa kwenye kikonyo uoshe kabla, unababua midomo.) Kisha kila mtoto anapewa kokwa lake, mswaki mkuukuu na bakuli la maji, asugue. Kokwa linateleza kama samaki, litamponyoka mara kumi, atacheka. Asugue kufuata nyuzi, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, mpaka utamu wote utoke. Ukibaki utamu, sisimizi watakuja na nzi watafuata.

Siku inayofuata lianikwe kwenye ungo juani. Siku nne au tano. Kila asubuhi watoto waende kuligeuza na kuligusa: siku ya kwanza zito na la baridi, siku ya tatu jepesi, siku ya tano nyuzi zimesimama zenyewe, zina rangi ya majani makavu, ukilitikisa unasikia kitu kinacheza ndani. Hapo binti yako anaweza kuuliza ndani kuna nini. Vunja moja mbele yake, amwone mtoto wa mwembe amelala. Ukiwa na kopo lenye udongo, mpande humohumo. Mbegu ya embe ikichelewa kupandwa ikakauka sana haioti tena, kwa hiyo hii ya kupanda itolewe mapema, kwenye kokwa la siku moja au mbili.

Yale yaliyokauka sasa ni watu. Unachukua chanuo kuukuu, unachana nyuzi, unaona kabisa huyu ana nywele nyingi, huyu ana ndevu, huyu kipara mbele. Mkasi kwa binti yako, amnyoe apendavyo. Macho na mdomo kwa kipande cha mkaa au kalamu. Kipande cha kanga iliyochakaa kinafungwa kiunoni. Huyo mdogo wa miaka mitatu hatachora uso unaoeleweka, atapiga nukta tatu mahali popote na kusema ni babu. Ni babu. Usiongeze pua.

Darasani kwangu kokwa moja hufuatwa na jingine mpaka linapatikana kundi zima la ukoo, na hapo ndipo mchezo hasa unapoanza, maana watu wale wanasalimiana, wanaugua, wanapelekwa zahanati, wanaozwa. Mtoto mmoja alikuwa na kokwa lisilo na nyuzi hata moja, wenzake wakataka alitupe. Akasema huyu ni mtoto mchanga, bado hajaota. Akamtengenezea kitanda cha kitambaa kwenye kifuu, na kwa muda wa wiki nzima darasa zima lilinyamaza kila alipolazwa. Hakuna karatasi ya kumetameta iliyowahi kunipa siku kama zile.

Mnazi nao. Tanga hukosi mnazi hata kama uani kwako haupo. Muombe mkwezi au muuza madafu akukatie kuti moja bichi, na usimkatalie akikuongezea vidaka vilivyoanguka. Vidaka, vile vinazi vidogo sana vilivyopukutika kabla ya kukomaa, ni hazina kwa mtoto wa miaka mitatu. Chambua njukuti kutoka kwenye fagio la chelewa, zikate vipande vifupi na kuzibutua ncha. Vijiti vinne chini ni miguu, viwili juu ni pembe, kimoja nyuma mkia: ng'ombe. Bila pembe ni mbuzi. Miguu minane ni kaa au ni kitu kingine chochote atakachosema. Kidaka kibichi kinapokea kijiti bila ubishi, kikikauka hakipokei tena, kwa hiyo fanyeni siku hiyohiyo kilipookotwa.

Kwa binti yako tengenezeni kititia, kile kitoto cha upepo kinachozunguka. Bibi yao bila shaka anakijua, na huenda anajua namna bora kuliko yangu. Namna nyepesi ni hii. Kata vipande viwili vya ukuti mbichi, kila kimoja urefu wa shibiri, bila njukuti katikati. Vipishanishe kama alama ya jumlisha. Toboa katikati kwa njukuti ngumu, ipite zote mbili na zishike imara, na nyuma na mbele yake uzuie kwa kipande kidogo cha kidaka. Kila mkono wa ukuti upindwe kidogo kwa upande mmoja, yote minne ielekee mamoja. Sasa chukua bua la jani la mpapai, lile ambalo ndani ni tundu tupu, lioshe utomvu wake maana unawasha macho, kata kipande cha kiganja kimoja. Toboa tundu kwenye ncha ya kijiti na ukichomeke hicho kibomba humo kikae mlalo, au kishike tu mkononi. Njukuti ikitumbukizwa ndani ya kibomba inazunguka bila kukwama. Saa kumi jioni kaskazi ikiwa inavuma, mpeleke mtoto mahali pa wazi, aelekeze uso kule upepo unakotoka. Kisipozunguka, mwulize kwa nini. Atakigeuza, ataukunja mkono mmoja zaidi, atakimbia nacho. Kwa kukimbia huko atagundua kwamba hata pasipo upepo yeye mwenyewe anaweza kuutengeneza.

Tiara (kishada) pia ni ya msimu huu, ila kwa umri wao tiara ya kweli ni kazi ya kaka au baba. Gazeti moja, njukuti mbili, gundi ya uji mzito wa ngano na mkia mrefu wa kitambaa vinatosha. Mfuko wa plastiki usiutafute, mifuko ile ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Kazi ya mtoto hapo ni kupaka uji kwa vidole na kuchana vitambaa vya mkia. Na uzi usirushwe karibu na nyaya za umeme.

Kuhusu udongo, wengi watakushauri utengeneze ule wa unga, chumvi na mafuta. Unafaa, lakini unga ni chakula, na mimi moyo unanisuta kumwaga kilo ya ngano kwa mchezo wakati udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi ni bure na unashika vizuri zaidi. Uanike juani, upondeponde, uchekeche, kisha uloweke usiku mmoja. Chukua mahali safi pasipopita mbwa na paka, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye. Vitu vyao vikikauka wavipake rangi kwa manjano, mkaa uliosagwa, au maji ya rozela kwa wekundu.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji kifaa kabisa na watoto huwa hawalisahau. Mtoto asimame uani saa mbili asubuhi, mwenzake azungushie kivuli chake kwa chaki au kijiti mchangani. Alama za nyayo zibaki. Arudi kwenye nyayo zilezile baada ya saa sita mchana, dakika mbili tu kisha aingie ndani, halafu saa kumi na moja jioni. Asubuhi kivuli ni kirefu kuliko baba yake na kimelala upande wa magharibi. Mchana kimebaki kama theluthi ya urefu wake. Jioni kimehamia mashariki. Binti wa miaka mitano na nusu ataanza kusema jua linatembea. Wewe utakuwa umeona la ziada: mwezi huu wa Desemba kivuli cha adhuhuri kwenu kinalala upande wa kaskazini, kwa sababu jua liko kusini yetu. Mkirudia Juni kitakuwa kimelala kusini. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi, jua la Tanga linasimama utosini na kivuli kinajificha chini ya miguu. Andika tarehe pembeni mwa ukuta, mkumbushane Machi.

Jumapili moja wapeleke ufukweni Raskazone, na uende na ratiba ya maji, si ya saa yako. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika hamsini. Mvuvi yeyote atakuambia. Nenda yakiwa yanapwa asubuhi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanapwa mbali sana, ndipo pa kuona mengi. Chukueni ndoo, kikombe na ungo mdogo, basi. Vimiminwe vijumba vya mchanga, ichimbwe mifereji, litengenezwe bwawa, na karara la mnazi liwe ngalawa yenye mirengu ya vijiti pembeni na jani kwa tanga. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, akionekana, mtazame alipo, msimtoe. Makombe yaokotwe yaliyo matupu tu, na kila kombe uliangalie wewe kabla ya mtoto kulishika, hasa yale ya umbo la pia yenye mdomo mrefu mwembamba: baadhi yake, mnyama akiwa hai ndani, huchoma na sumu inayoweza kuua mtu mzima. Viatu miguuni, kofia kichwani, chupa ya maji kila mmoja na yake. Kabla jua halijakali muwe njiani kurudi.

Umegusia pia, kwa kupita, habari ya televisheni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: watoto wa miaka mitatu na minne wasizidi saa moja ya kukaa mbele ya skrini kwa siku, ikipungua ni bora zaidi, na wapate angalau saa tatu za kuchezesha mwili, moja kati ya hizo iwe ya kukimbia hasa. Usiizime yote kwa siku moja ukamwachia dada vita asiyoianzisha. Ipe saa yake, baada ya chakula cha mchana joto linapokuwa kali kuliko yote na kila mtu amechoka, kisha izimwe kila siku wakati uleule. Asubuhi isiwashwe kabisa. Hilo moja litakupa nusu ya unachokitafuta, kwa sababu mtoto aliyeamkia beseni la maji harudi kirahisi kwenye kochi, lakini aliyeamkia katuni hataki kusikia habari ya beseni.

Dada wa kazi nimemtaja mara kadhaa na ningependa umfikirie vizuri. Ana kupika, kufua, kufagia, na sasa unampa chekechea. Mpunguzie kitu kimoja. Ikiwa watoto wamechafua ua, deki isubiri jioni mshirikiane. Na umwonyeshe kazi kwa kuifanya naye Jumamosi, nyote wawili chini kwenye mkeka, aone kwamba kazi yake ni kukaa karibu, kutazama na kutogusa.

Na bibi. Hukusema wazi, lakini umeandika jina lake pamoja na neno televisheni, nikahisi kuna kitu. Bibi wengi hawapendi uchafu, na wanayo haki, wao ndio wanaokaa nao mchana kutwa. Badala ya kumwomba aruhusu, mwombe afundishe. Mwulize walikuwa wanachezea nini likizo ya kaskazi alipokuwa mdogo. Mpe kuti. Nimeona bibi aliyekuwa analalamikia magoti kwa nusu saa akishuka kwenye mkeka mwenyewe, akisokota ukuti kwa kasi ambayo mimi na vyeti vyangu siifikii, huku wajukuu wamemzunguka midomo wazi. Saa moja kama hiyo haina kifurushi chake dukani.

Usinunue kingine chochote kwa sasa isipokuwa mkasi mmoja wa watoto usio na ncha. Shanga ndogo, mbegu za ubuyu na betri bapa za saa ziwe mbali na huyo wa miaka mitatu, bado anapeleka vitu mdomoni na puani. Anza kesho na maembe, kwa kuwa kokwa linahitaji siku zake juani, na wakati linakauka mchezo wa maji utawabeba.

Walivyotengeneza wapeni mahali, rafu ya chini au boksi la viatu, pa kuweka na kutoa wenyewe. Kititia cha ukuti hakikai. Siku ya pili kitakuwa kimenyauka, siku ya tatu kimekauka na mikono yake imejikunja, hakizunguki tena, na mmoja wao atakuletea analia. Usikitengeneze. Mpe ukuti mwingine mbichi na ukae naye.